Hartwin Asiyelala na Asili ya Jina la Köhler

Anayetaka kukohoa na akohoe sasa, maana nikishaanza sitarudi nyuma kwa ajili ya mtu. Ninawapeleka mbali, kaskazini kwa Wajerumani, katika zama zile ambazo misitu ya kwao ilikuwa haina mwisho na watu wa kwao walikuwa hawajapata majina ya ukoo, mtu akiitwa kwa jina la ubatizo tu na likimtosha mpaka kaburini. Katika zama hizo alizaliwa Hartwin, mwana wa Gerulf, mwana wa Baldo, wa uzao ule uliochoma mkaa katika milima ya giza tangu kabla ya ngome ya kwanza kujengwa; Hartwin Asiyelala, Hartwin Bwana wa Moshi, Hartwin mwenye mabega ya kubeba mwaloni, ambaye kwa kazi yake watu wa bonde la Ebergrund walipata chuma, na kwa chuma wakapata mkate, na kwa mkate wakawa watu wa kutajwa. Na watu hao hao ndio waliomwua. Nawaambieni mapema ili pasiwe na wa kusema kwamba nilificha.

Kabla yake bonde la Ebergrund lilikuwa mahali pa njaa. Mawe ya chuma yalikuwepo tele mlimani, na mhunzi alikuwepo, Lampert, mtu wa mikono minene na sauti ya kuamuru. Lakini moto wa kuni haukuwa na nguvu ya kuyayeyusha mawe yale, kwa hiyo watu walilima kwa plau za mti zilizovunjika kila zilipogusa mzizi, wakavuna kidogo, wakala kidogo, wakazika wengi. Ndipo akashuka Hartwin kutoka milimani, peke yake, chepe begani, mweusi usoni hata waliotangulia kumwona wakakimbilia kanisani. Hakuomba shamba wala nyumba. Alisema, "Nipeni msitu wa juu ambao hamuutaki, nami nitawapa moto wa kuyeyusha mawe." Na kwa kuwa msitu wa juu haukuwa na maana machoni pao, walimpa.

Huko juu alisimamisha magogo ya mwaloni yakiegemeana, duara ndani ya duara, mpaka yakawa kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Akakifunika kwa majani, na juu ya majani akapanga mabonge ya udongo wenye nyasi, akakitia moto moyoni kupitia tundu la juu, kisha akaliziba tundu lenyewe. Maana mkaa hautokani na moto ulioachiwa, bali na moto ulionyimwa hewa. Tanuri likipata ufa tu, upepo ukapenya, magogo yote huwaka na kubaki jivu. Kwa hiyo mchoma mkaa hupanda juu ya tanuri lake na kulikanyaga, akipapasa kwa mguu mahali palipobonyea, na hapo huongeza udongo. Akikosea hatua, huzama. Wala hana ruhusa ya kulala. Hartwin alikalia kigoda cha mguu mmoja, ambacho mtu akisinzia humwangusha, na katika miaka yote aliyokaa Ebergrund hakuna aliyesikia kwamba kigoda kile kilimwangusha.

Dubu alikuja siku moja kulibomoa tanuri akitafuta joto, na Hartwin akamkabili kwa chepe, wakapambana juu ya tanuri lenyewe huku ardhi ikifuka moshi chini ya miguu yao, na aliyeshuka hai alikuwa Hartwin. Tena ikaja baridi ile iliyogandisha visima hadi chini, wazee wakaanza kuagana na wajukuu wao. Hartwin akashusha magunia ya mkaa mgongoni, theluji ikimfika kifuani, mlango kwa mlango, hata kwa wale waliokuwa wakiwafungia watoto ndani kila alipopita. Mwaka ule hakuna nyumba iliyotoa maiti.

Mngedhani walimpenda. Walimhitaji, na hilo ni jambo jingine kabisa. Mtu asiyelala, walinong'ona, analinda nini? Akija kununua maziwa, mwenye ng'ombe alichora msalaba juu ya ndoo. Kanisani walimwachia kona ya nyuma, na alipotoka benchi lake lilisuguliwa. Hawakumwita Hartwin. Walimwita Köhler, yaani mchoma mkaa kwa lugha yao, nao walilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. Hata hapa kwetu mnawajua watu wa namna hiyo, wanaopikia mkaa na kumkwepa aliyeuchoma, kwa hiyo msinitolee macho.

Mtu mmoja tu alipanda mlima kwa hiari yake, naye ni Walburga, binti yatima aliyelelewa na kaka yake Diethelm. Alimpenda Hartwin tangu baridi ile, alipofungua mlango akakuta gunia la mkaa na nyayo kwenye theluji, mwenye kushukuriwa ameshaondoka. Akaolewa naye, akahamia katika kibanda cha magome kando ya tanuri, akajifunza kuusoma moshi: ni mzito na mweupe wakati mti bado unatoa maji, na huwa mwembamba wa buluu mti ukishaiva. Akajifunza pia sheria ya wachoma mkaa, ambayo ni ya kale kuliko sheria za mabwana: yeyote atakayefika motoni kwao akala mkate wao hatatajwa kwa anayemtafuta, awe askari, awe padri, awe mke, mpaka mwenyewe arudi na kusema kwamba alipita. Walburga aliisikia sheria hiyo akaitikia kwa kichwa. Alidhani inahusu wageni na wakimbizi wa mbali.

Basi katika vuli ya mwaka ule ambao Walburga alikuwa na mimba ya kwanza, bwana wa ngome alituma askari kuwakamata vijana kwa ajili ya vita vyake, na Diethelm alikuwa kijana mwenye nguvu, aliyeposa binti wa Lampert mhunzi. Asubuhi moja alipanda mlimani. Wakata kuni waliokuwa chini walisikia sauti yake na ya shemeji yake zikijibizana kwa ukali, kisha zikanyamaza. Diethelm hakushuka tena.

Walburga siku hiyo alikuwa bondeni kwa mkunga. Aliporudi alasiri akakuta tanuri jipya limeshafunikwa na kuwashwa, kubwa kuliko yote yaliyowahi kusimama pale, na Hartwin ameketi kigodani kichwa wazi, bila ile kofia ya ngozi ambayo hakuivua hata kwa kula. Na nyuma ya kibanda, chini ya matawi, akaiona kofia nyekundu ya sufu ambayo yeye Walburga alimfumia kaka yake kwa mikono yake.

"Diethelm alifika?" aliuliza.

Hartwin akatazama juu ya tanuri. "Moshi bado mweupe," alisema.

"Sikukuuliza moshi, mume wangu."

"Nimesikia ulichouliza."

Na hapo shaka ikaingia kifuani mwa Walburga ikakaa, nayo shaka ikishapata kiti haikosi wa kuongea naye. Kwa nini tanuri hili lilijengwa kwa haraka? Kwa nini alipotaka kupanda kulikanyaga, kama alivyokuwa akifanya siku zote, Hartwin alimzuia mkono akasema apumzike kwa ajili ya mtoto? Macho yake yalikuwa mekundu. Lakini macho ya mchoma mkaa ni mekundu siku zote, nani atajua kama ni moshi au ni kilio? Upepo ulipogeuka alisikia harufu ya mafuta yanayoungua. Aliwahi kuambiwa kwamba magogo ya msonobari hutoa harufu hiyo, na aliyemwambia alikuwa Hartwin mwenyewe. Aliyakumbuka maneno hayo, akaona sasa hata hayo hawezi kuyaamini.

Alimpenda, hilo nisilifiche. Usiku alimsikia akizunguka tanuri na kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa baba zake, na moyo wake ukataka kutoka nje kwenda kumshika mkono. Mtoto akageuka tumboni. Ndipo akajiuliza swali ambalo lilimnyima mkate na maji: huyu ninayembeba ni mtoto wa mlinzi, au ni mtoto wa mtu aliyemchoma kaka yangu? Kulipokucha akaichukua ile kofia nyekundu, akaificha chini ya shuka lake, akashuka bondeni moja kwa moja mpaka kwa mhunzi.

Lampert aliigeuza kofia mikononi mwake. Binti yake alipoiona akaketi sakafuni. "Tangu siku ya kwanza nilisema," alisema Lampert. "Nani hakunisikia? Nilisema mtu asiyelala ana jambo." Na maskini, hakuwa amesema lolote siku ya kwanza ila kuuliza mkaa utakuwa tayari lini, lakini mtu mwenye uchungu hukumbuka anachokihitaji. Kengele ikapigwa. Bonde zima likapanda mlima na machepe na kulabu na uma za nyasi, na nyuma yao, bila kualikwa, wakafuata askari wawili wa ngome, ambao walitaka kujua kwa sababu zao wenyewe Diethelm yuko wapi.

Hartwin aliwaona wakija, akasimama mbele ya tanuri lake na chepe mkononi, mkubwa na mweusi na kichwa wazi. Upepo mkavu ulikuwa ukivuma kutoka juu kuelekea bondeni, ambako mavuno ya mwaka yalikuwa yamelundikwa katika maghala ya nyasi. Akawaambia kwa sauti iliyofika mpaka kwa wa mwisho:

"Tanuri hili halina mtu. Kama hamliamini neno langu, kaeni nami mlinde mpaka moshi uwe wa buluu, kisha fungueni gogo kwa gogo, na mkimkuta humo mtu nichomeni mimi. Lakini mkilifungua leo kwa upepo huu, mtaushusha moto kwenye mkate wa watoto wenu."

"Basi sema yuko wapi," alisema Lampert.

Hartwin akawatazama wale askari wawili, akanyamaza.

Walburga akatoka katikati ya watu akamsogelea karibu, kama mke anavyomsogelea mume. "Niambie mimi, Hartwin," alisema. "Mimi si askari. Aliyenilea ni yule. Sema tu kwamba yu hai, nami nitawarudisha hawa wote majumbani kwao."

"Nimesema tanuri halina mtu."

"Yuko wapi?"

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

Alimwangalia mkewe muda mrefu. Wale waliokuwa karibu walisimulia baadaye kwamba midomo yake ilifunguka, na kwamba askari mmoja akapiga hatua mbele ili asikie vizuri, na midomo ikafungwa. Angeweza kusema. Neno moja lingemwokoa, na lingemwua kijana mwenye nguvu za kukimbia lakini bado hajafika mbali. Walburga hakuuona mguu wa askari. Aliuona mdomo tu. Akalitwaa chepe mkononi mwa mumewe, naye hakulishikilia, akaliinua juu ya tumbo lake kubwa, akalipiga tanuri kwa nguvu zake zote. Aliyetangulia kufungua alikuwa yeye.

Wengine wakafuata wakipiga kelele. Udongo ukaporomoka upande wa juu, upepo ukaingia, na tanuri likavuta pumzi. Halafu moto ukatoka, si kama moto wa jikoni, bali ukuta mzima uliorusha vijinga juu ya vichwa vyao kuelekea miti mikavu, kuelekea chini. Wanaume waliotupa machepe na kukimbia sitawataja kwa majina, maana wajukuu wao wengine ni watu wazuri. Nyasi zikashika hapa, zikashika pale. Wanawake wakazikanyaga kwa viatu vya mti. Mtu mmoja akapiga ukunga kwamba maghala yatawaka.

Hapo ndipo Hartwin Bwana wa Moshi alipofanya kile ambacho kwacho anasimuliwa hadi leo. Alibeba mabonge ya udongo mbichi, moja kila bega na moja kifuani, akapanda juu ya tanuri linalowaka kama alivyopanda maisha yake yote, akashindilia pengo, akashuka, akabeba, akapanda tena, ngozi ya mikono ikimwachia, hata moto ukapungua nusu, ukapungua zaidi, likabaki pengo moja tu pale mkewe alipopiga. Alipolikanyaga hilo, ganda likakatika chini yake akazama mpaka kifuani, mwili wake ukaliziba pengo, na ule moto ukakosa pa kutokea.

Lampert akakimbia na kulabu amvute. Hartwin akatikisa kichwa.

"Mkinivuta mnafungua," alisema. "Fukieni."

Hakuna aliyeinua chepe. Walisimama pale watu wote wa Ebergrund waliokuwa wamekuja kumhukumu, wakatazama chini.

"Walburga," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba apewe maji. "Wewe unaijua kazi. Fukia."

Na kweli aliijua. Aliujua upepo, alijua ganda lile litavumilia muda gani, alijua kilichokuwa chini yake. Akainua bonge la udongo wenye nyasi akaliweka begani mwa mume wake, taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala. Akaweka la pili. Na alipoweka la tatu watu wakaanza kumsaidia huku wanalia. Hartwin hakupiga kelele. Moto ukafa kwa nje, upepo ukapita juu bila kupata kitu, na maghala ya bondeni yakasalimika yote.

Walburga akakikalia kile kigoda. Askari walitaka kumshusha, mkunga akawaonyesha njia ya kurudi. Alilinda tanuri mchana na usiku, akilikanyaga pembezoni licha ya mimba yake, mpaka moshi ukawa mwembamba, mpaka ukawa wa buluu. Ndipo wakafungua gogo kwa gogo, kama alivyowaambia wafanye tangu mwanzo. Walikuwa wanatafuta watu wawili. Lampert alichambua mkaa kwa vidole vyake mpaka kucha zikatoka damu, wakapata bizimu moja ya mkanda, ya Hartwin. Cha Diethelm hawakupata hata kifungo. Mkaa wenyewe ulikuwa mzuri kuliko wote uliowahi kutoka msitu ule, ukilia kama kengele ulipogonganishwa, na hakuna aliyethubutu kuubeba. Fuawe la Lampert lilikaa kimya majira yote ya baridi.

Theluji ilipoyeyuka, bwana wa ngome akiwa ameuawa katika vita vyake mwenyewe, mtu alishuka njia ya milimani akiwa amevaa kofia ya ngozi ya wachoma mkaa, uso mweusi kwa masizi. Wanawake kisimani walidhani ni Hartwin, wakapiga magoti. Alikuwa Diethelm. Walburga alikutana naye mlangoni, mtoto wa kike mikononi.

"Shemeji yuko juu?" aliuliza Diethelm. "Nimemletea kofia yake. Alinivalisha ili askari wasinitazame usoni, maana alisema mchoma mkaa hakuna anayemtazama. Tuligombana naye, dada, nilitaka nishuke niwaage wewe na mchumba wangu, akanikatalia."

Walburga akamweleza yote, bila kujipunguzia. Diethelm alisikiliza akiwa amesimama. Mwisho akauliza, "Mlimwuliza?"

"Tulimwuliza. Mimi nilimwuliza."

"Asingesema," alisema Diethelm. "Nilikwishakula mkate wake." Akaketi kizingitini akafunika uso kwa ile kofia.

Miaka ikapita. Akaja bwana mpya wa ngome, na huyo hakupenda kuona nusu ya wanaume wa bonde wakiitikia jina moja la ubatizo. Akatuma mjumbe wake, kila nyumba ichague jina la kudumu, la kurithiwa na watoto na watoto wa watoto. Watu walikusanyika mbele ya kanisa, na mjumbe akaanza na Lampert, kwa kuwa mhunzi ndiye mwenye heshima, na jina la uhunzi kwa Wajerumani ni jina la kujivunia.

"Nyumba yangu iitwe Köhler," alisema Lampert.

Watu wakageuka. Mjumbe akamtazama mikono. "Wewe ni mhunzi, Bwana Lampert."

"Najua mimi ni nani."

Walburga akasimama, binti yake pembeni. "Jina la mume wangu si maji ya kunawia mikono," alisema. "Ulilitema miaka yote. Leo unalitaka?"

"Nalitaka liniume," alisema Lampert. "Kila mtu akiniita, liniume."

Walburga alimtazama mzee yule ambaye vidole vyake havikupona vizuri tangu siku ya tanuri, akatafuta neno la kumnyima, na kila alilolipata lilikuwa linamhusu yeye kwanza. "Aliyetangulia kupiga ni mimi," alisema hatimaye. "Kama mimi sizuiliwi, nitakuzuiaje wewe? Lichukue. Mimi na huyu mtoto ni Köhler pia."

Mjumbe akaihamia nyumba ya tatu, ya msaga ngano, nayo ikajiita Köhler. Ya nne ikasema hivyo hivyo, na ya mwenye ng'ombe, na ya mkunga, na wale waliokimbia siku ya moto wakasema kwa sauti ndogo kuliko wote. Mjumbe akapandwa na hasira. Akasema amri ya bwana ilitolewa ili watu wapate kutofautishwa, na bonde hili linamfanyia mzaha.

"Hatufanyi mzaha," Walburga akamjibu. "Katika jambo hili hatutofautiani."

Wako Wajerumani wengine wanaoitwa Köhler ambao baba zao walichoma mkaa tu, na asili yao ni yao, mimi siwasemei. Nimewasimulia wa Ebergrund. Hartwin mwana wa Gerulf hana kaburi, na kwa kuwa hana, wanalibeba jina lake wote waliomzika. Anayetaka kuinuka sasa na ainuke.